Namna ya kuandaa video ya Kihispania kwa viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili

Washa runinga ukiwa Marekani, ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua njia ya pili ya sauti, ile ambayo wenyewe huiita SAP. Kipindi kimoja kitakupa Kihispania. Kingine kitakupa maelezo ya sauti kwa Kiingereza, yaani msimulizi anayemweleza mtu asiyeona kinachoendelea kwenye picha. Utangazaji wa kidijitali unaruhusu njia nyingi zaidi, lakini vituo vingi hurusha hiyo moja ya ziada, basi. Mzee wa Kimeksiko asiyeona anayeishi Chicago akipata Kihispania hapati maelezo, na akipata maelezo hapati Kihispania.

Kasoro hiyohiyo hujirudia kwenye video za zahanati, shule, mabaraza ya miji na mashirika ya misaada. Mtu amelipia tafsiri, akadhani amelipia na ufikivu. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina fundi wake. Kihispania ni lugha ya kwanza ya watu karibu milioni 500 duniani, na Marekani pekee zaidi ya milioni 40 hukizungumza nyumbani. Katika umati huo wamo viziwi, wasioona, wenye uoni hafifu, na wenye ulemavu wa akili, na kila kundi linahitaji kitu tofauti. Hapa tunaeleza namna ya kuandaa video moja ili wote waipate kwa lugha yao.

Mambo ya kuamua kabla ya kugusa kompyuta

Amua kwanza video inaenda nchi gani. Kihispania cha Madrid na cha Bogotá vinaelewana vizuri, lakini msamiati wa kila siku hutega. Neno guagua ni basi huko Kuba, Puerto Rico na visiwa vya Kanari. Ukivuka kwenda Chile ni mtoto mchanga. Msimulizi akisema mhusika amepanda guagua, mtu asiyeona wa Santiago hana picha ya kumsahihisha. Kama video ni ya nchi nyingi, tumia neno linaloeleweka kote (autobús) na umwite mtazamaji usted au ustedes, kwa sababu vosotros, “ninyi” ya kirafiki, ni ya Hispania.

Amua pia lugha ya alama, na hapa ndipo waandaaji wengi huteleza. Hakuna lugha moja ya alama ya Kihispania. Meksiko wana LSM, Argentina LSA, Hispania LSE, tena Hispania hiyohiyo sheria ya mwaka 2007 (Ley 27/2007) inaitambua LSE pamoja na lugha ya alama ya Kikatalani. Kiziwi wa Buenos Aires hawezi kumfuata mkalimani wa LSE kwa sababu tu nchi zao zinaandika Kihispania, kama ambavyo kiziwi wa Dodoma na wa Kisumu hawatumii lugha moja ya alama japo wote wamezungukwa na Kiswahili. Na Marekani kuna mtego mwingine: mtoto kiziwi wa familia ya Kihispania mara nyingi husomeshwa kwa lugha ya alama ya Marekani, ASL, na kuandika Kiingereza, huku wazazi wake wakisoma Kihispania. Video ya shule kwa familia kama hiyo itahitaji ASL na manukuu ya Kihispania kwa pamoja. Ukiagiza mkalimani, taja jina kamili la lugha. Ufupisho LSC, kwa mfano, unaweza kuwa wa Kolombia au wa Katalunya.

Manukuu

Anza na maandishi kamili ya kilichosemwa, kwa Kihispania kilichosemwa. Usianzie kwenye manukuu ya Kiingereza ukayatafsiri, kwa sababu mbili. Kwanza, Kihispania hurefuka kuliko Kiingereza, mara nyingi kwa robo hivi, hivyo maandishi yaliyokatwa kwa kipimo cha Kiingereza hayatatosha kwenye muda uleule. Pili, manukuu ya tafsiri hudhani msomaji anasikia. Hayataji mlango uliogongwa, kicheko, wala nani anaongea nje ya picha.

Kipimo kinachotumika Hispania ni kiwango cha UNE 153010 (UNE ni shirika la viwango la huko) cha mwaka 2012, na ni kizuri hata kwa anayefanya kazi nje ya Hispania. Kiini chake:

Mistari 2, kila mmoja herufi zisizozidi 37 pamoja na nafasi. Kasi ni herufi 15 kwa sekunde. Kwa hiyo mistari 2 iliyojaa, herufi 74, inahitaji kukaa kwenye skrini kama sekunde 5. Mzungumzaji akiwa mwepesi kuliko hapo, punguza maneno ya kujazia (pues, bueno, o sea) kabla hujagusa maneno yenye habari. Usirahisishe lugha yake. Viziwi wengi wanataka kujua kilichosemwa hasa, na huudhika wakiona midomo inasema maneno kumi na manukuu yana manne.

Mstari ukatwe mahali pa kupumulia. Katika el médico (daktari), el usiachwe mwisho wa mstari na médico akaanza mwingine; katika ha venido (amekuja), ha na venido vikae pamoja; kihusishi kisikae peke yake ukingoni. Kukata vibaya hakuharibu maana, ila kunamchosha msomaji, na baada ya dakika kumi anaacha kusoma.

Wahusika hutofautishwa kwa rangi: njano kwa mhusika mkuu, kisha kijani, samawati na zambarau, na nyeupe kwa waliobaki. Rangi hizo zinafanya kazi kwenye runinga za Hispania. Kwenye mtandao faili ya SRT, yaani ya manukuu yenye alama za muda, mara nyingi huzipoteza njiani, kwa hiyo usizitegemee; tumia kistari kwa kila mzungumzaji, au jina kwenye mabano kwa herufi kubwa. Namna mtu anavyosema nayo huandikwa kwa herufi kubwa ndani ya mabano, na sauti za mazingira huanza na herufi kubwa moja tu. Hivi:

12
00:01:12,400 --> 00:01:13,900
(Timbre)

13
00:01:14,000 --> 00:01:16,800
—¿Quién es?
—La vecina del tercero.

14
00:01:17,000 --> 00:01:19,500
(MARÍA, SUSURRA)
No abras todavía.

Kwenye runinga, (Timbre), yaani kengele ya mlango, ingekaa kona ya juu kulia. Kwenye mtandao iache palepale chini. Kengele iandikwe inapolia, isitangulie wala kuchelewa. Na usiandike kila sauti. Gari linalopita nje bila umuhimu wowote kwenye hadithi halihitaji manukuu, lakini ukimya wa ghafla baada ya muziki wa kutisha unahitaji.

Alama ya kuuliza na ya mshangao hufunguliwa pia, ¿ na ¡. Watu wenye haraka huziacha. Kwa msomaji kiziwi alama ya kufungua ndiyo inayomwambia mapema kwamba sentensi ndefu ni swali, kwa kuwa sauti inayopanda haisikii.

Sasa hatari ya herufi. Hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa herufi unaobeba lugha zote, kila mara. Ukiona año imegeuka aÃ±o, faili iliandikwa kwa UTF-8 ikasomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows. Ukiona kialama cheusi chenye swali ndani yake, imetokea kinyume. Usitibu kwa kufuta alama ya juu ya ñ. Neno la miaka likiachwa bila alama hiyo hugeuka tusi la sehemu za mwili, na tayari limewahi kuwaaibisha wengi. Kwa runinga ya Marekani kuna jambo la ziada. Mfumo wa zamani wa manukuu, CEA-608, una herufi 32 tu kwa mstari, si 37, kwa hiyo faili ya Hispania haiingii bila kukatwa upya. Tena herufi ndogo á, é, í, ó, ú pamoja na ñ zimo kwenye kundi la msingi, ila herufi kubwa zenye alama, Á na Í na wenzake, zimo kwenye kundi la nyongeza ambalo baadhi ya vifaa vya zamani havilionyeshi sawasawa. Wamarekani wana mazoea ya kuandika manukuu yote kwa herufi kubwa. Kwa Kihispania achana nayo. Kipindi cha Kiingereza kikiwa na manukuu ya lugha zote mbili, kwa kawaida Kiingereza hukaa njia ya manukuu iitwayo CC1 na Kihispania CC3. Waulize wa kituo kabla ya kutuma.

Manukuu ya mashine ni rasimu tu. Kwa Kihispania mashine huchanganya maneno yanayosikika sawa au karibu sawa: a ver na haber, hay na ahí na ay, tú na tu, sí na si. Huanguka kabisa mtu anapochanganya Kihispania na Kiingereza katika sentensi moja, jambo la kawaida Texas na California, na kwenye majina ya Kikechua au Kinahuatl, lugha za wenyeji wa Amerika. Pitia neno kwa neno huku ukisikiliza. Kwa matangazo ya moja kwa moja, kiwango cha UNE kinataka manukuu yasichelewe zaidi ya sekunde 8, na wapimaji wengi wa Ulaya hutumia kipimo cha NER, ambacho chini ya asilimia 98 ya usahihi huhesabu kazi kuwa haifai. Asilimia 98 inasikika kubwa hadi ukumbuke kwamba kosa moja kwenye jina la dawa linatosha kumdhuru mtu.

Maelezo ya sauti

Fumba macho usikilize video nzima mara moja. Kila unapopotea, weka alama ya muda. Kisha itazame kwa macho na utafute mapengo yasiyo na maneno karibu na alama hizo. Hayo ndiyo makazi ya maelezo yako, kwa kuwa msimulizi hapandi juu ya maongezi.

Pima pengo. Kwa Kihispania cha kusomwa kwa utulivu hesabu maneno 2 hadi 2.5 kwa sekunde. Pengo la sekunde 5 linakupa maneno 10 hadi 12. Soma kwa sauti ukiwa na saa mkononi, kwani maneno ya Kihispania yana silabi nyingi na hesabu ya macho hudanganya.

Andika kwa wakati uliopo, nafsi ya tatu, ukisema kinachoonekana. “Ana aprieta los labios y mira al suelo” (Ana anabana midomo na kutazama chini) ni sawa. “Ana está arrepentida” (Ana anajuta) ni uamuzi wako, mwachie msikilizaji. Usitangulie kufichua muuaji kwa sababu pengo lilikuwa zuri. Na taja majina mara nyingi kuliko ungefanya kwa Kiingereza: abre la puerta haisemi kama ni mwanamke au mwanamume, sawa na “anafungua mlango” ya kwetu, na su inaweza kuwa yake, yao au yako. Wahusika wawili wakiwa chumba kimoja na msimulizi akisema su pistola, msikilizaji hajui ni bastola ya nani.

Kuna kitu kinasahaulika karibu kila mara. Filamu ya hali halisi ya Kihispania ina mama anayeongea Kikechua, na chini yake kuna tafsiri ya maandishi. Asiyeona haioni. Maandishi hayo lazima yasomwe kwa sauti, na msomaji tofauti na msimulizi ili yasichanganyike. Vivyo hivyo majina na vyeo vinavyopita chini ya skrini, na namba ya simu mwishoni mwa tangazo la afya. Tangazo linalosema “piga namba inayoonekana kwenye skrini yako” ni afadhali lirekodiwe upya.

Rekodi kwenye chumba kisicho na mwangwi. Wakati wa kuchanganya, shusha sauti ya asili kama desibeli 6 hadi 10 chini ya msimulizi, kisha ipandishe taratibu. Ukiizima kabisa, msikilizaji anadhani kifaa kimeharibika. Toa video ya pili kamili yenye maelezo ndani yake. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ina alama ya kubeba maelezo kama maandishi, kind="descriptions", lakini vivinjari haviitumikii vya kutosha kuitegemea. Kwa kumbi za sinema za Hispania kuna njia nyingine: programu ya simu iitwayo AudescMobile husikiliza filamu kupitia kipaza sauti cha simu na kucheza maelezo sambamba kwenye sikio la mtu mmoja bila kuwasumbua wengine. Kiwango cha kazi hii huko ni UNE 153020 cha 2005.

Dirisha la mkalimani

Kanuni ya Uingereza kwamba mkalimani asipungue sehemu moja ya sita ya picha ni kianzio kizuri. Kwenye simu hata hiyo ni ndogo. Aonekane kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa, na viwiko visikatwe anapotanua mikono. Nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, mwanga usoni, maana nusu ya sarufi imo kwenye nyusi na mdomo. Manukuu yasipite juu ya mikono yake, yasogeze kushoto. Kama bajeti inaruhusu, ajiri mtafsiri kiziwi afanye kazi kutoka kwenye maandishi yaliyokamilika. Matokeo huwa bora kuliko mkalimani anayesikia akifuata sauti kwa haraka.

Toleo la lugha rahisi

Kwa wenye ulemavu wa akili, Hispania ina kiwango cha UNE 153101 EX cha 2018 kwa kile kinachoitwa lectura fácil (usomaji rahisi), na shirikisho la mashirika ya watu hao, Plena inclusión, limefanya kazi hii kwa miaka mingi. Andaa ukurasa mmoja au miwili wa kuandamana na video. Wazo moja kwa sentensi, sentensi fupi, herufi za pointi 14 zisizo na mikia kama Arial, bila maneno kukatwa mwisho wa mstari. Epuka subjuntivo, hali ya kitenzi ya matakwa na mashaka, unapoweza. Namba za Kirumi ndizo mzigo mkubwa wa Kihispania kwa sababu karne zote huandikwa hivyo: siglo XIX iwe siglo 19. Asilimia nazo zigeuzwe: badala ya 25 %, andika 1 de cada 4 personas (mtu 1 kati ya 4).

Kisha wapelekee wenyewe. Bila kusomwa na mtu mwenye ulemavu wa akili, maandishi hayo hayana haki ya kubeba nembo ya lugha rahisi ya Inclusion Europe, shirika la Ulaya la wenye ulemavu huo. Muulize ameelewa nini, usimuulize kama ameelewa. Swali la pili hujibiwa ndiyo kwa adabu. Mlipe kama unavyomlipa mhariri.

Maneno nayo yana umri. Hispania ilibadili ibara ya 49 ya Katiba Februari 2024 ili kuondoa disminuidos (waliopungua) na kuweka personas con discapacidad (watu wenye ulemavu). Minusválido (mlemavu, kwa maana ya mwenye thamani pungufu) na sordomudo (bubu kiziwi) ziache kabisa, hata zikiwa kwenye maandishi ya mteja.

Ukurasa unaobeba video

Kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, huchagua sauti kwa kufuata lugha iliyotajwa kwenye ukurasa. Ukurasa wa Kihispania wenye lang="en" utasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na hakuna Mhispania atakayevumilia zaidi ya sentensi mbili. Weka lang="es", au es-MX kwa Meksiko, au es-419 kwa Amerika ya Kusini na Kati kwa ujumla; kipande cha Kiingereza ndani yake kipewe lang yake. Manukuu yabandikwe kind="captions", si subtitles, na srclang="es", na jina analoliona mtu liwe la Kihispania: Español para sordos (Kihispania kwa viziwi). Jaribu na NVDA, kisoma skrini cha bure. Sauti yake ya eSpeak NG ina Kihispania cha Hispania na cha Amerika ya Kusini (na Kiswahili pia, kwa atakaye). Zima kipanya: cheza, simamisha, washa manukuu kwa kibodi tu. Kitufe kikisomwa “button” bila jina, kazi haijaisha. Maandishi yawe na tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 dhidi ya usuli, na picha isimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa.

Runinga ikikosea

Kwa mtazamaji, sheria ipo. Marekani, vipindi vipya vya Kihispania vinapaswa kuwa na manukuu tangu Januari 1, 2010, na vya zamani kwa asilimia 75 tangu Januari 1, 2012, isipokuwa vilivyosamehewa. Mwaka 2014 Tume ya Mawasiliano, FCC, ilipitisha vipimo vya ubora pia: usahihi, kwenda na wakati, ukamilifu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mahali yanapokaa. Manukuu yakiwa mabovu, andika malalamiko ndani ya siku 60. Taja namba na jina la chaneli, kampuni inayokuletea matangazo, jina la kipindi, tarehe na saa, na kilichoharibika hasa: “kuanzia saa 2 na dakika 10 usiku herufi zenye alama ziligeuka vimraba” ina nguvu kuliko “manukuu hayasomeki”. Piga picha ya skrini. Kampuni ina siku 30 kujibu, na malalamiko yanaweza kuandikwa kwa Kihispania. Hispania, anayesimamia ni CNMC, tume ya masoko na ushindani, chini ya sheria ya utangazaji ya 2022 (Ley 13/2022). Wengi huona ni rahisi kupitia chama cha viziwi au cha wasioona ambacho tayari kinajua fomu.